Kutoka Kijerumani moja kwa moja: shajara ya faharasa yangu, Leipzig

Jumatatu 16 Oktoba 2023. Vidahizo: 0

Mpango wa tasnifu umekubaliwa. Nitaandaa faharasa ya maneno 300 ya Kijerumani cha ofisi za Deutsch-Ostafrika, koloni lililobeba Tanganyika, Rwanda na Burundi, na kila neno, yaani kidahizo, nitalieleza kwa Kiswahili moja kwa moja. Safu ya Kiingereza haitakuwepo.

Msimamizi aliniuliza nani ataitumia. Nikamwambia kwamba kwenye Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam kuna majalada ya serikali ya Wajerumani yenyewe, na watafiti wengi wa kwetu huyaruka, wakaanzia zama za Mwingereza kwa sababu lugha imewafungia mlango. Wachache wanaojaribu wanashika kamusi ya Kijerumani kwa Kiingereza. Jambo lililoandikwa Lushoto, la mtu wa Lushoto, linapelekwa kwanza London ndipo lirudishwe nyumbani, na njiani kuna vitu vinamwagika. Hakuuliza tena. Aliandika tarehe ya kukutana, akanipa mkono.

Nafungua shajara hii ili nisipoteze hesabu, na nisisahau kila uamuzi niliufikiaje. Mimi ni mtu wa Soni, chini kidogo ya mji wa Lushoto ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kijerumani nilianza kwa kozi za jioni Dar es Salaam, nikafanya TestDaF, mtihani wa Kijerumani wa kuingilia vyuo vikuu, nikapata 4 sehemu zote, na sasa niko mwaka wa pili wa umahiri hapa Chuo Kikuu cha Leipzig.

Jumanne 24 Oktoba. Vidahizo: 11

Nimeanza kukusanya. Majalada ya Reichskolonialamt, ofisi kuu ya makoloni, yako Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, kule Berlin-Lichterfelde, chini ya alama R 1001. Mengi yameshapigwa picha, kwa hiyo nayasoma kwenye kompyuta nikiwa Albertina, maktaba kuu ya chuo.

Uamuzi wa kwanza: kila nomino itaandikwa pamoja na der, die au das yake. Wenzangu wa semina wanalia na hizi jinsia tatu. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngeli, wazo lenyewe si geni, kwamba nomino inatawala sentensi na vinavyoifuata vinavaa sare yake. Ugumu wangu uko pengine. Kitabu kinabeba ki- usoni, huhitaji kuambiwa. Buch haina kitu usoni, inabidi uishike na das yake kama unavyoshika jina la mtu na ukoo wake. Afadhali mkiani kuna ishara: -ung, -heit, -keit na -schaft ni die, na -chen ni das.

Ndiyo maana Mädchen, msichana, ni das. Nimewahi kusikia hili likielezwa darasani kama kioja cha Kijerumani. Lakini sisi tuna kijana, kiongozi, kipofu: umbo ni la KI-, halafu tunasema "kijana amefika", hatusemi "kijana kimefika", kwa sababu huyo ni mtu. Kwetu uhai unashinda umbo. Mjerumani anafuata umbo kwanza, ingawa mbele kidogo kwenye maongezi naye huteleza, akamwita yule msichana sie, kiwakilishi cha die, badala ya es, kiwakilishi cha das. Tatizo ni lilelile katika lugha mbili, na mwanafunzi wa Tanzania akielezwa hivi anaelewa kwa dakika tano. Nitaliweka kwenye utangulizi.

Jumatano 1 Novemba. Vidahizo: 19

Rais Frank-Walter Steinmeier leo alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji. Amekutana na wajukuu wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, na ameomba msamaha. Nimesikiliza sehemu hiyo mara nne. Neno alilochagua ni Verzeihung.

Angeweza kutumia Entschuldigung, neno ambalo hapa hutamkwa hata ukimkanyaga mtu kwenye tramu. Ndani ya Entschuldigung mna Schuld, hatia. Na Schuld ikiingia kwenye wingi, Schulden, inakuwa madeni. Verzeihung haina Schuld ndani yake. Inatoka kwenye verzeihen, kusamehe, jambo lililo mikononi mwa aliyekosewa. Redio za nyumbani zimesema "ameomba msamaha" na hazikukosea. Ila mimi nimekaa na kidahizo Schuld jioni nzima. Kiswahili kimezitenga hatia na deni: hatia hukiriwa, deni hulipwa. Kijerumani kimeviweka vyote chini ya paa moja, na atakayesoma majalada haya atalazimika kila mara kuuliza ni kipi kinachosemwa. Nimeandika maana zote mbili, deni ikiwa ya kwanza, kwa kuwa kwenye karatasi za ofisi ndiyo inayotokea mara nyingi.

Alhamisi 9 Novemba. Vidahizo: 19

Sijaongeza hata kimoja. Tatizo ni mwandiko.

Hati za chapa nazisoma bila shida. Za mkono zimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko waliofundishwa watoto wa Kijerumani kwa karne kadhaa, mpaka serikali ya Hitler ilipouondoa shuleni mwaka 1941. Wajerumani wa rika langu wengi hawausomi. Nimemwonyesha jirani yangu wa bwenini barua moja, akaigeuza kama karatasi iliyolowa, akanirudishia. Herufi e ni vijiti viwili vilivyosimama karibu, na ukitazama haraka ni n. Herufi u inajitenga na n kwa kikunjo kidogo kilichowekwa juu yake, na mwandishi mwenye haraka hukiweka juu ya herufi ya jirani. Herufi h ina kitanzi juu na kitanzi chini. S ya katikati ya neno ni fimbo ndefu. Neno dogo kama einem linageuka kuwa safu ya vijiti, na ni nukta ya i peke yake inayokuambia umesimama wapi.

Nimenunua kalamu ya nibu na chupa ya wino. Kila jioni naandika ukurasa mmoja wa Kurrent, kwa Kiswahili: barua kwa Bibi yangu, ambazo sizitumi. Mkono ukishazoea, jicho litafuata.

Jumatano 22 Novemba. Vidahizo: 34

Leo hakuna masomo. Ni Buß- und Bettag, siku ya toba na maombi, sikukuu ya mapumziko ambayo kati ya majimbo yote ya Ujerumani imebaki Sachsen, jimbo la Leipzig, peke yake. Buße kanisani ni toba, na mbele ya sheria ni faini. Nimeiandika ukurasa mmoja na Schuld.

Chuoni nimeshazoea mwendo wao. Mhadhara unaanza robo saa baada ya saa kamili, na ukiisha watu hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole.

Alhamisi 14 Desemba. Vidahizo: 68

Nimefuta kurasa sita za maelezo. Niandike ilivyokuwa.

Kwa wiki tatu nimekaa na barua moja fupi ya mkono, ya mambo ya shamba, ambayo ndani yake nilisoma "der rückständige Sohn". Sohn ni mwana wa kiume. Rückständig, kwa Kijerumani cha leo, ni aliyebaki nyuma kimaendeleo. Nikaamini kwamba mwandishi anamdharau mtoto wa mtu, jambo ambalo kwa barua za zama zile halishangazi, nikajenga juu yake maelezo marefu kuhusu lugha ya dharau. Nilikuwa nayapenda maelezo yale.

Jana usiku nilikuwa nainakili barua hiyo kwa nibu, herufi kwa herufi, na mkono ukakataa. S kubwa na L kubwa za Kurrent ni kama ndugu wa tumbo moja. Zote hupanda kwa kitanzi. Lakini S ya mwandishi huyu, kila nilipoipata kwingine, inamaliza kwa kujikunja kushoto, na hii ilikuwa inatupa mkia kulia, chini, kuifuata herufi ya pili. Nikatafuta L zake zote kwenye ukurasa. Zilikuwa nne, na zote zilitupa mkia kulia.

Ilikuwa Lohn. Der rückständige Lohn, ujira ambao haujalipwa. Sarufi isingeweza kuniokoa, maana Lohn na Sohn zote ni der. Na rückständig kwenye Kijerumani cha ofisi husemwa kwa deni lililopitisha siku yake.

Kwa hiyo watu walikuwa wanadai hela zao, na barua ilikuwa inakiri deni. Mimi, mjukuu wa watu walewale, nilifuta dai lao na mahali pake nikaweka mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Sikulala vizuri.

Utaratibu kuanzia leo: hakuna neno la mwandiko linaloingia kwenye faharasa kabla sijalinakili kwa mkono mara tatu na kulinganisha kila herufi yake kubwa na herufi hiyohiyo mahali pengine, kwa mkono wa mwandishi yuleyule. Nimerudi nyuma kwa maneno yote ya mwandiko niliyokwisha kuyaingiza. Matatu yameanguka, ndiyo maana hesabu ya juu ni 68 na haikuwa 71 kama ilivyoandikwa kwenye daftari.

Kidahizo kipya: Lohn, rückständiger, malimbikizo ya ujira. Malimbikizo ni neno ambalo mwalimu yeyote wa shule ya msingi Tanzania analijua kwa moyo. Sikuhitaji kutafuta.

Jumapili 7 Januari 2024. Vidahizo: 96

Kuanzia 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, kila mwanamume mzima alipewa Arbeitskarte. Ilimtaka afanye kazi kwa walowezi siku 30 ndani ya miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Nilikuwa nimetafsiri "kadi ya kazi" na nikaendelea na mengine. Leo nimempigia Bibi simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Nimekula. Nikamuuliza ile karatasi ya kuhesabia siku, mtu akifanya kazi kwa Mzungu zamani, waliiitaje.

"Si kipande hicho? Baba yangu alikuwa nacho, Korogwe, kwenye mkonge. Siku thelathini zikijaa ndipo unalipwa. Ukiugua wiki nzima, kipande kinakusubiri. Kipande hakijui mwezi, mama."

Nimekaa na sentensi hiyo. Baba yake alikata mkonge zama za Mwingereza, kwa hiyo siwezi kuibandika moja kwa moja kwenye karatasi ya 1907, na tarehe nimezitenganisha waziwazi. Lakini hesabu ni ileile ya siku 30, na neno lenyewe liko hai kwenye kinywa cha mtu niliyemzoea. "Kadi ya kazi" ilikuwa Kiingereza kilichovalishwa kanga. Mtu wa Korogwe akisoma kadi ya kazi ataona kitambulisho. Akisoma kipande, mgongo wake utakumbuka.

Nimebadilisha pia maelezo ya Monat, mwezi. Panapohusu mashamba nimeongeza onyo: angalia kama ni mwezi wa kalenda au ni siku 30 za kazi, maana ujira unaoonekana wa mwezi mmoja unaweza kuwa jasho la miezi miwili.

Ijumaa 2 Februari. Vidahizo: 148

Muhula unaisha. Mtihani mmoja umebaki na insha moja ya semina ambayo si ya kuisimulia.

Nimemaliza kundi la maneno ya adhabu, na nimelifanya kwa siku tisa kwa sababu sikuweza kukaa nalo zaidi ya saa mbili kwa siku. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Kijerumani husoma namba kwa kutanguliza ndogo: fünfundzwanzig, tano-na-ishirini. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nakosea namba za simu kila siku kwa sababu hiyo, 52 inakuwa 25.

Kisha nikakumbuka wazee wa kwetu wanaiitaje adhabu ile. Hamsa ishirini. Ni Kiarabu cha pwani, khamsa wa ishirini, tano na ishirini. Mpangilio ni uleule wa Kijerumani, kiungo kwa kiungo. Kiswahili chetu cha kila siku kinasema ishirini na tano, lakini jina la adhabu limekaa sawasawa juu ya neno la aliyeiamuru. Tafsiri ya Kiingereza inageuza namba na kulipoteza jina lote. Kidahizo kimeandikwa: fünfundzwanzig, hamsa ishirini, viboko 25.

Kundi lingine nimelifurahia. Ni maneno yetu yaliyoingia kwenye karatasi zao kwa tahajia ya Kijerumani: Schauri, Schamba, Poscho, Boma, Askari, Akida, Jumbe, Liwali. Sch ni sh yetu. Msomaji anayekutana na Schauri kwa mara ya kwanza anaweza kufungua kamusi ya Kijerumani kutwa nzima asilipate, kumbe ni shauri, jambo lililoletwa bomani kuamuliwa. Haya nayaweka mwanzoni kabisa mwa faharasa, ili mtu akifungua ukurasa wa kwanza akute sauti anayoijua. Upande wa pili kuna shule, kutoka Schule, na hela, kutoka Heller, sarafu iliyokuja 1904 rupia ilipogawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64 za awali.

Jumatatu 18 Machi. Vidahizo: 201

Likizo ya kati ya mihula. Bibi alipotaja mkonge alitaja pia korona, mashine ya kuchana majani kutoa nyuzi, neno ambalo kwetu limekuwa jina la kiwanda chenyewe. Korona ni Corona, mashine zilizoundwa Magdeburg na kiwanda cha Krupp-Gruson. Magdeburg ni safari fupi ya treni kutoka hapa. Neno lililokuwa kinywani mwa wakata mkonge wa Korogwe lilitengenezwa jirani na ninapolala. Nimempigia Bibi kumwambia. Amesema basi niwaulize kwa nini ilikuwa inakula vidole vya watu.

Jumanne 23 Aprili. Vidahizo: 244

Siku mbili Berlin, Lichterfelde, kwa majalada ambayo sikuyapata kwa picha. Karatasi halisi ina harufu ya vumbi tamu, na wino mahali pengine umekuwa rangi ya chai. Pembeni mwa ukurasa mmoja kuna maandishi ya penseli ya mtu wa tatu, anayehoji hesabu ya ujira. Kwenye picha yasingeonekana.

Jioni nilitembea mjini nikimfikiria Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, akaja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminar für Orientalische Sprachen, taasisi iliyofunguliwa 1887 chini ya chuo kikuu cha Berlin, ambako maofisa walijifunza lugha kabla ya kupanda meli kwenda kwetu. Alifia Berlin mwaka 1927. Darasani kwake Kijerumani na Kiswahili vilikutana uso kwa uso, mwalimu na mwanafunzi, bila mkalimani wa Kiingereza. Daraja ninalolitafuta lilishajengwa. Lilijengwa ili watawala wavuke kuja kwetu, na baada ya wao kuondoka hakuna aliyelitunza upande wa pili.

Nikirudi Leipzig usiku niliandika upya ukurasa wa kwanza wa tasnifu nikiwa kwenye treni. Sasa unaanza na yeye.

Alhamisi 13 Juni. Vidahizo: 287

Nimewasilisha kwenye kolokiumu, kikao cha kujadili tasnifu zetu. Nilionyesha barua ya Lohn kwa ukubwa wa ukuta mzima na nikawaomba wasome. Watu 14, karibu wote wazawa wa Kijerumani, na wengi wao wakasoma Sohn. Nikaeleza mkia wa L. Kukawa kimya, kisha wakagonga meza.

Swali gumu lilitoka kwa msimamizi: mtumiaji asiyejua Kijerumani kabisa atafanya nini na maneno 300? Ni kweli, faharasa haimfundishi mtu lugha. Nimekubali kuongeza kurasa nane za mwongozo: mpangilio wa sentensi ya Kijerumani, hasa kitenzi kinachokaa mwisho wa kishazi tegemezi, ili msomaji ajue kutupa jicho mwisho wa sentensi kabla ya kuamua nani kafanya nini, jedwali la herufi za Kurrent nililolichora kwa mkono, na mifano kumi ya mistari mizima. Hiyo ni kazi ya wiki tatu. Maneno ya kulipa na kupokea nitayapitia upya mwishoni.

Ijumaa 12 Julai. Vidahizo: 287

Tasnifu imekabidhiwa. Nimefunga kwa 287, na msimamizi amekubali nafasi 13 zibaki wazi, zikiwa na namba bila maneno. Zinasubiri majalada ya Dar es Salaam, ambayo sijayashika. Nimekata tiketi ya tarehe 6 Agosti, na barua ya utambulisho kwa ajili ya Nyaraka za Taifa iko ndani ya pasipoti.

Nakala mbili zimechapwa. Moja ni ya Bibi. Ukurasa wa mbele nimemwandikia kwa nibu, Kiswahili kwa Kurrent, na chini yake maneno yaleyale kwa herufi za kawaida ili aweze kuyasoma.